Risala ya Waliopona

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya kidato cha tatu chote, natangaza kwamba mimi, Zablon, nimeleta mageuzi makubwa katika huduma za afya ya akili kanda ya kati. Kwa maneno machache, niliiba karatasi.

Shule yetu ya bweni ilialikwa kuimba kwenye sherehe ya hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo nje ya mji wa Dodoma. Mama mdogo wangu, Anyesi, aliwahi kulazwa pale. Sasa ni mwakilishi wa waliopona kwenye kamati ya hospitali, na kazi zake ni mbili: kugawa soda, na kumsomea mgeni rasmi risala ambayo mganga mfawidhi, Dokta Ambokile, amemwandikia. Kila mwaka risala hiyo hushukuru. Hushukuru vitanda, hushukuru geti, nusura ishukuru sindano.

Nilipotumwa kupanga meza kuu, niliikuta pale, nikaichomoa, nikaweka yangu: "Mheshimiwa mgeni rasmi, uji wetu una wadudu wengi kuliko unga. Tunaomba ufafanuzi kama ni uji au ni mchuzi wa nyama. Ahsante."

Nilitaka kucheka tu.

Mama mdogo akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Akanitazama pale kwenye kwaya. Kisha akaikunja karatasi na kuendelea.

"Nilifungwa kitandani kwa shuka siku nzima kwa sababu niliomba maji mara ya pili. Nikikataa dawa, ni ugonjwa. Nikilia, ni ugonjwa. Mkanitoa, mkasema nimepona, mkaniweka kamatini. Huko kamatini sijaulizwa swali hata moja."

Dokta Ambokile akamgeukia mgeni rasmi na tabasamu la mtu anayeuza kuku mgonjwa.

"Samahani, mheshimiwa. Ndivyo ugonjwa unavyorudi. Sista Erica, mpeleke wodini ukamchome sindano."

"Dokta, kwani naumwa nini?" mama mdogo akauliza.

"Mnaona? Hajui hata kama anaumwa."

Sista Erica akamshika mkono. Nikaruka kutoka kwenye mstari wa kwaya.

"Shikamoo Dokta! Ni mimi! Risala nzima nimeiandika mimi! Yeye amesoma tu!"

"Na hiki kitoto kimetoka wapi?" Dokta akampokonya mama mdogo karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. "Uji. Wadudu. Mchuzi. Hiyo shuka iko wapi humu? Mwongo mkubwa wewe!"

Mgeni rasmi akanyoosha shingo, naye akasoma.

"Sista, mwachie mkono kwanza," akasema kwa ukali. "Na wewe kijana, upesi: lako ni lipi na lake ni lipi?"

"Sema, Zabu," mama mdogo akaniambia. "Usininyang'anye maneno yangu."

Nikamgeukia mgeni rasmi.

"Niliandika uji tu, mheshimiwa. Ya shuka ni yake. Ya kamati ni yake. Na hata huo uji sikuutunga. Alinihadithia alipokuja kuniona shuleni, nikadhani ni kichekesho."