Friji Yenye Nafasi Kubwa Ndani

Kinyozi aliishinda friji Jumanne asubuhi, mteja wake akiwa na povu nusu ya uso. Mnada wa mtandaoni ulibakiza sekunde tisa. Aliuweka wembe chini, akabonyeza simu kwa kidole kilicholowa, kisha akarudi kwenye shavu la mteja. Tangazo lilisema: Friji ya jikoni, imetumiwa na familia moja tu, inafanya kazi, nafasi kubwa ndani.

Ilikuwa ya dawa ya mama yake. Mama alikuwa na kisukari, na chupa zake za insulini zilikaa kwenye chungu kilichofukiwa katika mchanga mbichi chini ya meza. Miezi ya baridi chungu kilitosha. Sasa joto lilikuwa limeanza, na muuguzi alishasema bila kupepesa macho kwamba dawa ikipata joto ni maji tu. Kidonda cha mguuni kilikuwa na mwezi mzima hakijafunga. Kinyozi aliuogopa mguu ule kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Friji ililetwa Ijumaa saa nne, mlango umezungushiwa selotepu ya kahawia. Mpeleka mizigo hakuishusha mpaka kinyozi alipobonyeza "Nimepokea, hali nzuri", maana ndivyo tajiri wake alivyotaka. Na kila mtu anajua friji iliyosafirishwa haiwashwi papo hapo. Huachwa isimame siku nzima, mafuta ya kompresa yatulie. Kinyozi, mtu wa kufuata masharti, aliiacha siku nzima na saa moja ya nyongeza. Lakini kwa masharti ya mnada, malalamiko hupokelewa ndani ya saa ishirini na nne tu tangu mzigo upokelewe.

Jumamosi alibandua selotepu, akafungua. Ndani palikuwa jikoni kwa watu. Palikuwa na meza, sufuria mbili, dirisha lenye pazia la kijani, na mwanamke wa makamo aliyekuwa akikata vitunguu. Joto la jikoni lilimpiga kinyozi usoni.

"Hodi hupigi?" mwanamke alimuuliza. "Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, mama. Mimi kinyozi."

"Basi fundi kakutuma."

Kinyozi aliangalia sufuria, na mwanamke akalichukulia hilo kuwa ndiyo. Akaeleza kwamba friji ni yake. Aliishi mji ulioko mwendo wa siku mbili kwa basi, na alikuwa akiuza barafu na juisi baridi mpaka friji ilipoacha kugandisha. Fundi aliichukua miezi minne iliyopita. Tangu hapo anafulia watu nguo, na kila akipiga simu anaambiwa kipuri hakijafika. Ili aaminike, alipenyeza risiti juu ya rafu ya kioo. Rafu ilizuia mtu kupita, lakini karatasi na vyombo vidogo vilipita. Namba ya fundi kwenye risiti ndiyo ileile ya muuzaji.

Kinyozi alirudisha risiti baada ya kuipiga picha, akaenda kulalamika. Kwenye orodha ya sababu alichagua Haifanani na Maelezo, akaambatisha picha sita za jikoni mle, na akaandika kwamba mama yake anaumwa.

Muuzaji alijibu kwa adabu: "Ndugu mteja, nilieleza nafasi kubwa ndani. Wengine wangeshukuru."

Mnada ulijibu kesho yake. Tangazo lilisema friji ya jikoni, na picha zilionyesha jikoni. Zaidi ya hayo, malalamiko yalichelewa. Rufaa ingesikilizwa tu kama kuna ushahidi kwamba mali ni ya mtu mwingine. Hapo friji ingerudishwa kwa mwenyewe, muuzaji angefungiwa, na mnunuzi angesubiri fedha zake hadi miezi sita. Kinyozi alimwandikia muuzaji kwamba anayo picha ya risiti ya fundi.

Jioni muuzaji alipiga simu, sauti laini kama sabuni ya kunyolea. "Ndugu yangu, ya nini tufikishane huko? Futa malalamiko na hiyo picha ya risiti, nikurudishie nusu leo hii. Nimeona mama anaumwa. Pole sana."

Mama wakati huo alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya friji iliyo wazi. Alikuwa ameshazoeana na mwanamke wa ndani. Walikuwa wakiwasema watoto wao wasiosikia. Kinyozi alimvuta pembeni, akamweleza.

"Mwambie mwenzangu ukweli," Mama alisema. "Unamfichaje mtu mali yake, naye anaitazama?"

"Na mguu wako, Mama?"

"Mguu ni wangu."

Kinyozi alitoka nje. Aliona aibu, na bado alifuta malalamiko, kisha akaifuta picha. Nusu iliingia kabla jua halijazama, ikatosha kununua kifriji kidogo, cha kukaa chupa sita. Alikiweka juu ya friji kubwa. Wiki ya tatu kidonda kilianza kufunga. Muuzaji naye alikuwa mnadani na mashine ya kufulia, imetumiwa na familia moja tu.

Mama hakumgombeza. Aliacha tu kuketi pale mbele ya friji, akasema kigoda kinamuumiza mgongo.

Jioni moja kinyozi alifungua friji kubwa, kwa sababu mwanamke alikuwa akigonga.

"Kipuri kimefika?"

"Wiki ijayo, mama."

"Haya. Wewe angalau unapatikana. Yule siku hizi hata simu hapokei." Alipitisha bakuli la supu juu ya rafu, akalishikilia mpaka alipohakikisha limeshikwa. "Mpe mgonjwa, ingali ya moto. Mwambie nimemkumbuka."

Kinyozi alishukuru. Akausukuma mlango kwa goti, ukarudi wazi, akausukuma tena. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea, na hilo nalo tangazo halikulisema.