Kifua Inchi Ishirini na Moja

Mcheka kilema hafi kabla hakijamfika, walisema wahenga, lakini wako waliokufa kabla. Watoto arobaini na wawili waliofika kibandani kwa fundi cherehani Alhamisi ile, saa tisa alasiri, walikuwa na nywele zao zote kichwani. Mtu waliyemcheka upara wake aliishi miaka mingi baada yao, akafa kwa maradhi, akazikwa kwa heshima.

Fundi alikuwa anakunja pindo la suruali ndogo nyeusi. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, akaitazama foleni. Ilianzia mlangoni, ikampita muuza mkaa, ikakata kona kwa kinyozi. Hakuna aliyesukumana. Nguo zao zilikuwa zimechanika kwa namna moja: mistari mitano, kutoka begani kushuka kiunoni, kama iliyopigwa kwa reki.

"Shikamoo, mama," alisema msichana mrefu mwenye pengo, aliyekuwa wa kwanza.

"Marahaba. Nani kawararua hivi?"

"Dubu."

"Wangapi?"

"Wawili. Majike."

"Mliwafanya nini?"

"Wao hatukuwafanya kitu. Tulimwita mtu Kipara."

"Alikuwa na upara?"

"Alikuwa nao."

"Ingieni basi. Wadogo kwanza."

Fundi aliijua habari yao. Alifundishwa kanisani akiwa na miaka minane, akaikariri mbele ya watu, akazawadiwa penseli. Nabii alikuwa njiani anapanda mlima, watoto wakatoka mjini wakamdhihaki, akawalaani kwa jina la Mungu, na dubu wakatoka msituni. Kitabu kiliwahesabu watoto sawasawa. Nguo zao hakikuzitaja. Alitoa tepu shingoni, akaanza kupima.

Suruali nyeusi ilikuwa ya suti ya mwanawe wa pekee. Mtaa mzima ulimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, na alikuwa na miaka sita. Mwezi uliopita, katikati ya ibada, Mchungaji alipoinamisha kichwa kusoma, Kengele alisema kwa sauti yake ile ile: "Mama, kichwa cha Mchungaji kinang'aa. Dirisha limo humo. Vioo vinne." Watu walicheka. Mke wa Mchungaji alicheka mpaka akatoka nje. Jumapili iliyofuata Mchungaji alisoma habari ya nabii na dubu, polepole, na Jumanne yake mbwa wake akatoka kwenye geti ambalo komeo lake lilivunjika tangu mwaka jana, akamng'ata Kengele mguu wa kulia. Sindano za kichaa cha mbwa zilikuwa zimekwisha zahanati. Mbwa alikufa kwanza, akazikwa uani kwa Mchungaji, karibu na mawaridi. Siku ya ishirini Kengele alianza kuogopa maji, na siku ya ishirini na tatu akafa. Mchungaji akaletewa mbwa mwingine. Komeo lilibaki vilevile.

Sasa Kengele alikuwa chumba cha maiti, akisubiri neno moja la mama yake. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa kikao. Jumapili fundi asimame mbele ya watu, aombe radhi kwa niaba ya mtoto aliyemdhihaki mtumishi wa Mungu, na Jumatatu mtoto azikwe katika makaburi ya kanisa, kando ya baba yake. Asipoomba, apelekwe makaburi ya manispaa, nyuma ya jalala, wanakozika watu kwa namba. Kikao kilichukua dakika kumi na kikafungwa kwa sala.

Mama mkwe wake alikuja jioni na birika la chai. Aliwakuta watoto wamekaa sakafuni kwa mistari, akawapita mmoja mmoja kwa uangalifu kama mtu anayevuka bustani ya mchicha, akaketi, akachukua kopo la vifungo na kuanza kuchagua vinavyolingana.

"Omba tu, mwanangu," alisema. "Ulimi hauna mfupa. Utasema, utarudi kwako, yatakwisha. Mimi nilimzaa mmoja, nikamzika pale. Nataka mjukuu wangu alale naye."

"Nikiomba, mama, nitakuwa nimesema alistahili."

"Utakuwa umesema maneno. Wafu hawasikii."

"Tunasikia, bibi," alisema msichana mwenye pengo bila kuinua kichwa. Alikuwa anamsaidia mdogo wake kuvua shati.

Bibi alimtazama, akampa kikombe cha chai. "Na ninyi mlizikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Na mama zenu?"

"Hawamo," alisema msichana. "Tulitafuta. Baada ya sisi, nabii anaendelea na safari."

Bibi alirudi kwenye vifungo vyake. Vingine alivichagua mara mbili.

Ijumaa Mchungaji alifika mwenyewe kujaribu joho lake jipya. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alivua kofia, akasimama kwenye kigoda, akanyoosha mikono, ndipo akaona watoto wamejaa mpaka chini ya meza ya kukatia.

"Hawa ndio wale?"

"Ndio wale."

Aliwahesabu kwa macho, midomo ikichezacheza, akafika arobaini na wawili, akaridhika. Kisha akakunja uso. "Nilidhani ni wakubwa. Wasomi wanatueleza kwamba walikuwa vijana. Wahuni, genge la mtaani."

"Wasomi hawakuwapima," alisema fundi. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa. "Huyu hapa mdogo wao. Kifua inchi ishirini na moja. Mkono inchi kumi na nne. Bado anavaa nguo ya kifungo cha nyuma, cha kufungiwa na mtu, kwa sababu cha mbele hawezi kukifunga."

"Mungu hakosei, mama."

"Sijasema kakosea. Nimesema inchi ishirini na moja."

Mchungaji alishuka kigodani. Joho lilimkaa vizuri. "Jumapili usichelewe," alisema kwa upole. "Wengine walitaka nikunyime hata hiyo nafasi. Nimekutetea."

"Komeo la geti limetengenezwa?"

"Hayo ni mambo ya dunia," alisema Mchungaji, akavaa kofia yake.

Jumamosi walikuja dubu. Walikuwa wawili, wakubwa, manyoya yamefifia magotini, na kwa kuwa kibandani hapakuwa na nafasi walikaa nje. Muuza mkaa aliwasogezea gunia wasikalie vumbi. Mmoja alinyoosha mguu wa mbele kupitia mlangoni, akauweka juu ya meza, kiganja juu. Chini ya kila kucha palikuwa na vipande vya nguo.

Fundi alichukua sindano nyembamba akaanza kuvichokoa. Dubu alitetemeka lakini hakuuondoa mguu.

"Hamuwaogopi?" bibi aliwauliza watoto.

"Hawakuulizwa," alisema msichana. "Wana watoto wao pia. Walishtukia wako njiani, makucha nje."

Mdogo mwenye inchi ishirini na moja alikuwa ameshalala, kichwa juu ya ubavu wa dubu wa pili, mdomo wazi.

Kila kipande kilirudi mahali pake. Fundi hakupenda viraka vya rangi ngeni, na siku hiyo hakuhitaji hata kimoja. Alishona hadi vidole vikapata mashimo, na jua lilipoanza kushuka nguo arobaini na mbili zilikuwa nzima. Kisha akaipiga pasi suti nyeusi, ambayo mguu wake wa kulia, kuanzia gotini, alikuwa ameupitisha mshono mara mbili. Akaipeleka chumba cha maiti, akamvalisha mwanawe mwenyewe. Mhudumu wa pale alisifu kola.

Jumapili walitembea wote kwenda kanisani. Geti la Mchungaji lilikuwa wazi na mbwa mpya alikuwa amejilaza katikati ya njia. Watoto walimzunguka kwa nidhamu. Kanisani walijaza mabenchi matatu ya mbele, na mzee mmoja wa kanisa akalalamika kwamba hayo ni ya kwaya, lakini kwa kuwa walikuwa wamevaa vizuri aliwaacha.

Mchungaji alisema kwamba kabla dada yetu hajasimama, ni vema tukumbushwe Neno. Akafungua ukurasa ule ule, akasoma.

Alipofika mahali pa laana, ilisikika kama mtu anafungua bahasha. Kisha bahasha nyingine. Mishono ilikuwa inaachia, bega baada ya bega, benchi baada ya benchi, kwa mistari mitano mitano. Mhudumu wa kanisa alidhani ni upepo, akafunga dirisha moja.

"Uzi wa siku hizi," mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "si uzi."

Watoto hawakulia. Walishika nguo zao kwa mbele zisianguke, kama watu waliozoea. Kwenye kilango cha nyuma dubu wawili walikuwa wamefunika macho kwa viganja.

Bibi alihesabu vichwa. Akahesabu tena. Walikuwa arobaini na watatu. Mwisho wa benchi la kwanza, karibu na yule wa inchi ishirini na moja, alikaa Kengele ndani ya suti nyeusi, akibembeza miguu isiyofika chini. Mguu wa kulia wa suruali ulichanika kuanzia gotini, mshono wa kwanza, halafu wa pili.

Mchungaji alifunga Kitabu. "Simama, mama. Watu wanakusubiri, na mwanao anakusubiri. Neno moja tu, na kesho tunampumzisha kando ya baba yake."

Bibi alikuwa amemshika fundi mkono tangu mlangoni. Alimtazama mjukuu wake, akautazama ule mguu wa suruali. Akauachia mkono.

Fundi alitembea hadi mbele. Sindano ilikuwa kwenye kola yake na uzi mweusi ukining'inia, kwa sababu alijua kazi iliyomngoja baada ya ibada, na ya Jumapili nyingine kila ukurasa ule utakaposomwa. Alijua pia njia ya kwenda nyuma ya jalala. Alikuwa ameipita asubuhi hiyo, akahesabu namba za makaburi mpaka ile ambayo ingefuata.

Mchungaji aliinamisha kichwa, kama afanyavyo mtu anayengoja kupewa kilicho chake. Jua lilikuwa limefika kwenye dirisha la mashariki. Fundi alikitazama kichwa kile kwa makini, kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine kabla ya kuisema, akahesabu.

"Dirisha limo," alisema. "Vioo vinne. Siombi radhi."