Saini ya Mkono Mmoja

Barua ya ofisi ya kodi ilimkuta fundi cherehani akipinda sketi ya mteja. Aliisoma mara mbili. Ilikuwa kodi ya miaka minne ya duka la vipuri la mume aliyeachana naye, na yeye katajwa humo kama mmiliki mwenza. Yeye! Duka lenyewe alilijua kwa harufu ya grisi tu, ikija nyumbani kwenye mashati.

Akakumbuka asubuhi moja, mume kasimama mlangoni, karatasi kaiweka mezani. "Tia saini hapo, mke wangu, nachelewa." Akatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika pasi.

Kule ofisini, ofisa wa kodi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimpa fomu.

"Unaweza kuomba uondolewe kwenye deni la mwenzi. Lakini, dada yangu, maneno matupu hayatoshi. Nani atathibitisha kwamba hukujua?"

Alikuwepo mmoja tu: mama mkwe wake wa zamani, waliyeishi naye nyumba moja miaka yote ile. Siku tatu fundi alikosa raha. Utamwambiaje mzazi atoe ushahidi dhidi ya mwanawe? Siku ya nne akapiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta mama anaanua nguo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, huku akikunja shuka taratibu.

"Mwanangu simkani," alisema. "Ila daftari za duka alizifungia kabatini kwangu, akaniambia, 'Mama, mke wangu asizione.' Nikanyamaza. Hilo linanisuta mpaka leo. Ngoja nivae viatu."

"Leo hii, mama?"

"Kwani unataka tungoje mpaka nife?"

Wakaenda, daftari zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama alieleza yote bila kupepesa macho. Nje tu ndipo alipojifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwanawe aliposikia, alimnunia mwezi mzima, kisha akapiga simu kuuliza hali yake kana kwamba hapakuwa na neno.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Fundi kaondolewa deni la miaka mitatu. Mwaka wa kwanza bado unachunguzwa. Alikimbia na barua mpaka kwa mama, akamsomea huku anahema.

"Rudia hapo pa miaka mitatu," mama alisema, akimsogezea kiti. "Pole pole, nifaidi."