Aliyetangulia Mstari

Karani wa ofisi ya ardhi alilinyanyua faili kwa vidole viwili, kana kwamba lina upele. "Dada, baraza la ardhi linakaa saa nane. Umebaki na saa moja."

Kana kwamba sijui kusoma saa! Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nakaa tena. Mimi ni fundi cherehani. Sijazoea kukaa bure, na magauni matatu ya watu yalikuwa yananisubiri. Lakini kaka alikuwa amenikaba koo wiki nzima: nichimbe historia ya kijiji cha babu, tuipe nguvu hati yetu, tumtoe yule mjane aliyeng'ang'ania shamba letu. Hati ina jina la babu. Mjane hana hata kikaratasi.

Nikafungua daftari la mpima ardhi wa wakati wa babu. Kumbe watu wa kijiji kile walikuwa wakilima kwa zamu, leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Mpima alifika siku moja tu, na haraka zake. Pembeni mwa ramani ameandika: "Shambani watu kumi na wanane. Kwenye hati nimemwandika aliyetangulia mstari wa kulima."

Babu, kwa tulivyosimuliwa, hakukubali mtu amtangulie kwa jembe. Chini ya maneno hayo palikuwa na mengine: "Baadaye uji tumekunywa kwa mwenye shamba hasa." Na jina la huyo mwenye shamba: baba mkwe wa mjane.

"Umepata?" karani akauliza.

"Nimepata balaa."

Akachungulia. "Huo ukurasa hajawahi kuuomba mtu," akasema taratibu, akaenda zake kunywa maji.

Nilimwelewa vizuri sana. Nikalifunga daftari. Nikalifungua. Niliwachukia wote, mpima na haraka zake, babu na sifa zake, kaka na hati yake. Nikazunguka meza mara mbili, kisha nikamwita karani anitolee nakala yenye mhuri.

Kaka alinipokea mlangoni pa baraza, meno yote nje. "Eh, fundi! Umetuletea nini?"

Nikampa. Akasoma, akarudia. Meno yakaingia ndani.

"Si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Mimi."

Niliusoma ukurasa ule mwenyewe mbele ya baraza. Nilidhani mjane atapiga vigelegele. Hakupiga. Wazee wa baraza walipomaliza kusema yao, alikuja polepole hadi kwenye benchi letu, akanishika bega.

"Sasa mwanangu," aliuliza, bila ubaya wowote, "shamba la babu yenu lilikuwa wapi?"

Nikamgeukia kaka. Alikuwa anaikunja hati, anaikunjua, anaikunja tena.

"Hatujui, mama," nikasema. "Tulilokuwa tunalijua ni hilo lako."