Kopo Lililogawanywa kama Asali

Evaline alikuwa amekonda hata pete yake ikafungwa uzi isidondoke. Tangu masika dada yake Verdiana alikuwa anasali sala ile ile moja: "Bwana, usinichukulie huyu." Wazazi walikwishatangulia. Kwao Kasokola walibaki wao wawili tu.

Basi mwaka huo wa 1999, treni ya kutoka Tabora ikaleta kopo la dawa ya ukimwi. Binamu yao Denis, fundi nguo Dar es Salaam, alikuwa ameuza cherehani yake ili alinunue. "Ni la Evaline," alimwagiza msafiri. "Litatosha mwezi mmoja. Nitahangaikia jingine."

Verdiana alilia kwa furaha pale pale stesheni. Lakini hakwenda nalo nyumbani moja kwa moja. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo wagonjwa na ndugu zao hukutana kwenye ukumbi wa parokia kusali, naye akaona si vyema kumshukuru Mungu peke yake. Akalipeleka, akalifungua mbele yao.

Hapo ndipo alipokosea. Baba yake alikuwa mrina asali, na kwao mzinga ukishafunguliwa, kila aliyeuona hulamba, hata awe mpita njia. Alaye peke yake, nyuki humhama. Verdiana alikua na neno hilo masikioni.

Watu wakasogea kulitazama. Cletus, fundi baiskeli, akajikohoza. "Mama, sisi tunanusa tu. Harufu haiuzwi."

Wakacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, mmoja baada ya mwingine. Verdiana aliwatazama. Mkono wake ukafanya kama ulivyofundishwa utotoni. Kila mmoja akapata vidonge vyake kiganjani, na Evaline akapelekewa vidonge vichache vilivyofungwa kwenye karatasi.

Sista Pudensiana, muuguzi wa zahanati, alipopata habari alishika kichwa. "Umefanya nini, mama? Hii si asali! Dawa hii humezwa kila siku bila kukatiza. Ukiikatiza, ugonjwa unaizoea. Hamkumponya hata mmoja."

Maji yakimwagika hayazoleki. Vidonge vilikwisha, na cherehani ya Denis haikuwa na mwenzake.

Likabaki tumaini moja. Kwa miezi mingi kikundi hicho cha Alhamisi kilikuwa kinaiomba serikali iruhusu dawa ya bei nafuu iingie nchini, na sasa bwana mmoja wa serikali, Telesphor, alikuwa anakuja kuwasikiliza. Alipofika ukumbini, Verdiana akasimama.

"Mheshimiwa, tunaambiwa kuna viwanda vya nje vinavyoweza kutengeneza dawa hii hii kwa bei ambayo hata sisi tungechanga. Kwa nini isiletwe?"

"Ina hataza, mama. Kampuni iliyoivumbua ndiyo yenye haki ya kuitengeneza. Mwingine hagusi mpaka apewe leseni."

"Basi serikali itoe hiyo leseni."

"Si rahisi hivyo." Akafuta miwani yake. "Halafu nimesikia habari zenu. Kopo moja mligawana kama karanga! Tukiwaletea nyingi, si mtaziharibu zote?"

Watu wakainamisha vichwa. Verdiana hakukaa.

"Niliyegawa ni mimi. Nilikosea, na Sista amenifundisha. Lakini tuseme kopo ni lako, mheshimiwa, na hawa wamekaa mbele yako hivi. Ungemnyima nani? Nionyeshe kwa kidole."

Telesphor alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili. Hakuinua kidole.

"Tungekuwa na makopo ya kutosha," Verdiana akasema, "nani angegawa?"

"Nitayafikisha maneno yenu kwa wakubwa," alijibu, akasimama.

"Fikisha na kikohozi changu," Cletus akamwambia. "Hicho hakina hataza."

Verdiana alirudi nyumbani kwa miguu. Cletus na baiskeli yake alikwishamtangulia, akasimulia yote kwa majivuno na kwenda zake. Evaline alikuwa macho.

"Cletus ameniambia ulivyomkaba yule bwana. Eti, ungemnyima nani."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na jibu unalo, dada. Ulininyima mimi."

Verdiana akasogeza bakuli karibu. Akachota uji kwa kijiko, akampelekea mdomoni. Evaline akageuza uso ukutani. Baadaye akaugeuza tena, akameza kidogo.

"Akija tena, nibebeni kwenye baiskeli ya Cletus. Nataka aniangalie mimi."

"Tutakubeba," Verdiana akasema. Hakumwambia kwamba bwana yule hakutaja siku ya kurudi.

Akapiga magoti kando ya mkeka. Alitafuta sala yake ya siku zote. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Bwana, dawa ipo. Ipo, na Wewe unajua iliko."