F Iliyoota Mguu

Kule kwenye kiwanda cha mikate walimwita Moto, na si kwa sababu ya hasira. Wateja wake walizoea kupokea mikate ingali na joto, wakaishika kwa ncha za vidole huku wakicheka, naye aliipenda sifa hiyo kuliko mshahara. Ila mkate haufiki na joto kwa dereva anayejivuta kama bwana harusi. Moto alikuwa anakanyaga mafuta. Hilo tuliseme mapema, tusije tukamwonea huruma kabla ya wakati.

Gari lake lilikuwa jeupe, la mlango wa kusukuma pembeni, na lilikuwa na pacha. Pacha huyo alikuwa wa dada yake, ambaye alilitumia kubebea watoto wa shule. Mama yao alipofariki, baada ya miaka ya kusahau kwanza funguo, kisha njia, kisha majina ya wanawe, walibaki wawili tu. Waliuza nyumba yake, wakanunua magari yale siku moja kwenye yadi moja, wakayasajili pamoja. Namba zikafuatana: la dada likaishia na E, la Moto likaishia na F. Dada alicheka akasema hata serikali inajua nani alitangulia kuzaliwa.

Sasa, wapakiaji wa mikate wana tabia moja. Kabla ya kuziingiza kreti garini huziegemeza kwenye bampa la nyuma, wavute pumzi. Siku hiyo kreti ikateleza, ikakigonga kibao cha namba, kikapasuka upande wa chini, pale penye herufi ya mwisho. Kibao kipya kina foleni zake, na Moto na foleni hawapikiki chungu kimoja. Alichukua kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi wa umeme, akakibandika juu ya ufa, akakisugua kwa dole gumba, akaondoka. Utepe ulilala chini kabisa ya ile F, umenyooka vizuri, mahali hasa ambapo E huweka mguu wake.

Hakuona. Na hilo nalo tuliseme, maana ni haki yake: mwanzoni hakuona.

Ujumbe wa faini uliingia kwenye simu ya dada. Gari lake, ujumbe ulisema, limenaswa na kamera likizidisha mwendo asubuhi kwenye barabara ya viwandani. Dada alishangaa, kwa sababu yeye huendesha kama aliyebeba mayai, na watoto humtania kwamba hata waenda kwa miguu humpita. Alikwenda ofisi ya usalama barabarani kulalamika. Karani akaikuza picha kwenye kompyuta: gari jeupe kwa nyuma, namba zake zote, na mwisho E nyeusi iliyokolea. Aliulizwa kama hilo si gari lake. Dada alikodoa macho, akakubali kwamba ni lake.

Jioni alimsimulia mdogo wake, nusu anacheka. Moto aliposikia barabara ya viwandani, hakucheka. Alitoka nje kana kwamba anakwenda kupokea simu, akazunguka nyuma ya gari lake, akachuchumaa. F ilikuwa imeota mguu.

Angerudi ndani akasema, mambo yangeishia hapo, wangecheka mpaka chai ipoe. Lakini alikwisha kunaswa mara moja kwa halali, na mwenye kiwanda alimwonya kwamba akinaswa tena, mikate itapata dereva mwingine. Akajiambia atamweleza dada kesho. Ile kesho haikufika. Na utepe akauacha palepale. Alijidanganya kwamba akiubandua kibao kitaning'inia, lakini moyoni alijua vyema kwamba utepe ule ulikuwa unamfaa. Asubuhi zilizofuata alikanyaga mafuta kama kawaida, na mikate ilifika na joto lake.

Faini ya pili ikaja, na ya tatu. Dada hakwenda tena kulalamika. Moto alimchangia kidogo kwenye malipo, na dada akambariki, akamwambia ana bahati ya kuwa na mdogo kama yeye. Baraka hiyo ilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Kilichomtisha hasa kilikuwa kingine. Dada alikuwa ameanza kunyamaza. Kila asubuhi baada ya kuwashusha watoto alibaki na muda wake mwenyewe, akaenda sokoni, au kwa fundi cherehani, au popote. Akaanza kujiuliza kama katika muda huo hakuwahi kupita viwandani bila kujua. Alirudia kukagua mlango alioufunga. Alisimama katikati ya jiko akiwa na sufuria mkononi, akijihoji alichofuata. Mambo hayo humpata kila mtu, lakini si kila mtu aliyemuuguza mama yao.

Siku moja ya mapumziko, wakiwa wanakunja nguo, alimwambia Moto amuulize majina ya watoto wake wa gari. Moto akauliza. Dada aliwataja kwa mpangilio wa kupanda, kuanzia geti la kwanza hadi la mwisho, na yupi ana pumu, na yupi hutapika akikaa nyuma, na yupi habebi mkoba wake mpaka aambiwe.

"Umepata wote," Moto alisema.

"Mama naye mwanzoni alikuwa anapata wote," dada alijibu, akaendelea kukunja shuka.

Moto aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Neno lilifika kwenye ulimi wake, akalihisi pale, zito. Likageuka. "Umechoka tu, dada," alisema. "Upumzike." Kwa hiyo pale pale ambapo angemtoa shimoni, akamsukuma chini zaidi, tena kwa sauti ya upole.

Usiku huo usingizi ulimruka Moto. Kulipopambazuka aliubandua ule utepe, akabandika mwingine usio na rangi, akajiona amelipa deni. Tazama mtu huyu! Ameiba kuku, anarudisha manyoya, tena anasubiri kushukuriwa.

Kamera hazina haraka kama Moto. Picha za siku za nyuma zilikuwa bado njiani, zikafika, na safari hii ziliandamana na wito: mwenye gari afike ofisini, leseni yake iko katika hatari ya kufungiwa. Dada alivaa gauni la kwenda kwenye mambo mazito. Akamwomba Moto amsindikize. "Twende wote," alimwambia. "Wakisema jambo nikalisahau, wewe utanikumbusha."

Afisa aliyewapokea alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya paji la uso, feni ikimpeperushia karatasi. Alieleza kwa utaratibu kwamba dada ana haki ya kupinga, na kwamba asipopinga hatagusa usukani kwa miezi kadhaa. Dada hakumngoja amalize. Alifungua mkoba, akatoa leseni, akaiweka mezani, akaisukuma kwa vidole viwili.

"Sibishi, afande. Mimi nabeba watoto wa watu. Nadhani nimeanza kusahau, kama mama yetu alivyosahau. Ichukueni moja kwa moja, nisije nikaua mtoto."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakutuambia hicho kinachokula kinajisikiaje. Moto aliitazama leseni ile ikitetemeka kwa upepo wa feni, na picha ya dada yake akiwa na tabasamu la miaka iliyopita.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Zote ni mimi."

Afisa hakumwamini. Alisema ndugu wa kujitwika makosa anawaona kila wiki, na kwamba Moto ana moyo mzuri, lakini picha inasema E. Hapo Moto akajua adhabu ya mwongo ni ipi: aliuficha ukweli vizuri hata sasa ilimbidi auombee nafasi. Alibembeleza mpaka wakatoka hadi maegeshoni, pale magari mawili yalipokuwa yamesimama ubavu kwa ubavu, maana kila mmoja alikuwa amekuja na lake. Aliwaonyesha ufa, na mstari wa gundi uliobaki. Akachomoa msokoto wa utepe mweusi kutoka chini ya kiti, akakata kipande kwa meno, akakibandika mbele yao. F ikawa E. Dada alikitazama kibao hicho, kisha akakitazama chake.

Afisa alishusha miwani, akapiga picha kwa simu yake. Akamrudishia dada leseni mkononi, akamgeukia Moto akataka ya kwake. Moto alimpa bila kubisha. Afisa akarudi ndani kuandika maelezo mapya, wakabaki wawili.

"Ulijua tangu lini?" dada aliuliza.

"Tangu ile ya kwanza."

"Siku ile uliponiuliza majina?"

"Nilijua, dada."

Alitaka kumweleza habari ya mwenye kiwanda na lile onyo, akaona maneno hayo hayana pa kutua. Akasema tu kwamba anaomba msamaha. Dada alikuwa ameishika leseni yake kwa mikono yote miwili, na mabega yake, ambayo kwa wiki nyingi yalikuwa yamepanda hadi masikioni, yalikuwa yakishuka polepole.

"Kwa hiyo mimi sisahau," alisema.

"Husahau kitu. Akili zako ni nzima, dada."

"Vizuri. Basi na hili sitalisahau."

Ilikuwa saa ya kuwachukua watoto, na Moto hakuwa tena na ruhusa ya kuendesha. Dada alimsukumia mlango wa pembeni, akamwonyesha viti vya nyuma. Moto akapanda, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kifuani. Dada aliwasha gari akaliondoa taratibu, na njia nzima hakumtazama kwenye kioo.