Usingizi wa Muzee Salvator

Muzee Salvator ndiye mtu wa kwanza mtaani kwetu Gikondo aliyeng'oa meno bila sindano ya ganzi, na mgonjwa asipige kelele. Alimlaza kwa maneno. Alikuonyesha kijiko cha chai, akakusemesha polepole mpaka kope zikawa nzito, na kuanzia hapo hukusikia sauti ya mtu yeyote isipokuwa yake. Ufundi huo alifundishwa na daktari mmoja wa misheni zamani za Wabelgiji, naye akanifundisha mimi Aidah, binti wa fundi cherehani, niliyekuwa nikimchemshia makoleo. Wapo waliosema ni uchawi. Meno yalipowauma walikuja hao hao, tena alfajiri.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili alipofariki. Siku ya kumaliza matanga, mjane wake Mukagasana alitaka sifa za mumewe zisikike mpaka barabarani. Majirani walijaa uani, pombe ya mtama ikapita mkono kwa mkono, na mimi na chai yangu.

"Mutu akilazwa na muzee wangu, hawezi danganya," Mukagasana akasema. "Unamuuliza, anasema yote, hata ile anaficha bibi yake."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwanza haikuwa kweli, Muzee hakuwahi kumuuliza aliyelala kitu chochote zaidi ya "unaumwa?" Pili, Bizimana alikuwa amekaa mbele. Huyu ndiye mkuu wa seli yetu, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani, na tangu vita vianze kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza vijana wamekwenda wapi. Wazazi ambao vijana wao walivuka mpaka kujiunga na wapiganaji walikuja kuchukuliwa kwa gari, na hakuna aliyerudi.

Basi ilikuwa imepangwa kwamba kwa heshima ya marehemu nimng'oe mtu jino mbele ya wote. Kwenye kiti akaja kukaa Damascène, fundi wa gereji, na gego lake lililooza. Kijana wake Twizeyimana alikuwa amevuka mpaka. Mke wa Damascène ndiye aliyeniambia, akilia kwenye kitenge chake, na natamani asingeniambia.

Nikainua kijiko. Nikamsemesha kama nilivyofundishwa, kope zikashuka, nikainua mkono wake nikauachia, ukaanguka kama gunia la mihogo. Watu wakanong'ona. Nikamshika kifundo cha mkono, kwa sababu Muzee hakuruhusu kamwe uache mshipa wa aliyelala. Ulikuwa ukipiga taratibu.

Bizimana akaweka pombe yake chini.

"Aidah, muulize kijana yake Twizeyimana iko wapi."

Chini ya vidole vyangu ule mshipa ukaruka, ukaanza kukimbia. Aliyelala hasikii sauti ya mwingine. Damascène alikuwa macho, macho kabisa. Alijifanya amelala ili asiniaibishe siku ya Muzee.

Nilishukuru Mungu kwa kushindwa kazi yangu. Kisha nikaogopa zaidi, kwa kuwa sasa tulikuwa waongo wawili.

"Damascène," nikasema, "kijana wako yuko wapi?"

"Iko Butare," akajibu kwa sauti nzito. "Anafanya kazi kwa shangazi yake."

Bizimana alimtazama kwa muda, akanitazama na mimi.

"Labda ni kweli. Labda huyu anatuchezea. Ng'oa jino, tuone."

Gego lile lilikuwa na mizizi kama ya muhogo wa miaka. Nikamwambia maneno ya Muzee, kwamba mdomo huu si wake tena, kwamba maumivu yamebaki mlangoni, nikimwambia mtu aliyesikia kila neno na asiyeamini hata moja. Nikabana koleo, nikazungusha. Mfupa ukalia. Uso wake haukubadilika. Ila kidole gumba cha mguu kilijikunja ndani ya kandambili, nikasogeza gauni langu likakifunika. Nikavuta tena, nikavuta, na jino likatoka na damu yake.

"Amka," nikasema.

Akafumbua macho, akaangaza huku na huku, akasema kile walichosema wagonjwa wote wa Muzee: "Mumeshamaliza?"

Makofi yakapigwa. Mukagasana akalia akilitaja jina la mumewe. Bizimana akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akitabasamu.

"Muzee ametuachia kitu ya maana sana. Kesho nitakuletea watu. Wewe utawalaza, mimi nitauliza."

"Ndiyo, shefu," nikasema, na sauti sikuijua kama ni yangu.

Aliporudi kwenye pombe yake, nikainama kumwekea Damascène pamba. Jasho lilikuwa limeloanisha shati lake lote mgongoni.

"Muzee alinilaza kweli, mwaka ule aliponing'oa jino," akaninong'oneza kupitia pamba. "Wewe bado hujaweza. Ondoka leo, dada. Usingoje hiyo kesho."

Niliondoka kabla ya magharibi na nguo nilizovaa, na mpaka leo sijamwambia mtu yeyote atazame kijiko.